Mwimbishaji Aliyerudi Kuchukua Wimbo Wake

Kanisani kwetu Rodi Kopany tulimwita Mwimbishaji, na hata wale waliomjua sokoni tu, waliokuja kwake kusaga mahindi na kwenda zao, walimwita hivyo hivyo. Sijui kama alilipenda jina hilo. Najua aliliitikia. Mimi nilimjua tangu nikiwa msichana wa soksi nyeupe za kufika magotini. Aliniweka kwenye sauti ya pili bila kuniuliza, nikakaa hapo mpaka nilipoolewa. Ninamwandika leo kwa sababu ndiye aliyenitoa katika ndoa iliyokuwa ikinimaliza, na kwa miaka sita mizima nilikuwa sijamwambia asante. Si kwamba nilisahau. Kila nilipotaka kumwambia niliona maneno niliyonayo ni madogo, nikaahirisha.

Riziki yake ilikuwa mashine ya kusaga unga, pale sokoni, kando ya barabara iendayo Homa Bay. Mashine ilikuwa yake mwenyewe, aliipata kupitia chama cha akina mama, wala mumewe hakuwa na mkono ndani yake. Alisimama hapo siku sita kwa wiki, leso imefungwa puani, nyusi nyeupe kwa unga, akimimina mahindi ya watu debe kwa debe. Na kwa kuwa hakuwa na wakati mwingine, kwaya ilifanyia mazoezi hapo hapo, nyuma ya mashine, tumekalia magunia. Wageni walishangaa tungesikilizana vipi na injini inanguruma. Hawakujua kwamba injini ndiyo iliyokuwa kinanda chetu. Ilikuwa na mlio mmoja usiobadilika, na Mwimbishaji aliuchukua mlio huo kuwa do, nota ya kuanzia. Angeinua kidole na kusema, "Sikilizeni mashine," nasi tungevuta pumzi na kuanza. Siku ya Jumapili, mashine imezimwa, ungemwona amesimama mbele ya kanisa, macho kayafumba, anaitafuta ile injini kichwani mwake kabla ya kutupa sauti. Na aliipata kila mara.

Isipokuwa mara moja. Tulikwenda Homa Bay kwenye mashindano ya kwaya, stima ikapotea mchana kweupe, wenyeji wakawasha jenereta nyuma ya ukumbi. Tukapanda jukwaani. Mwimbishaji akafumba macho, akasikia injini, akaamini ni injini yake. Akatupa do ya jenereta. Mlio ule ulikuwa juu mno, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka, maana sote tulikuwa tumezoea kuimba juu ya chochote kinachonguruma. Tulipofika kwenye kiitikio sauti ya kwanza walikuwa wanapiga mayowe, teno wamenyamaza kabisa, na watu wa besi wanaimba mahali ambapo sisi wa sauti ya pili huimba. Mwamuzi mmoja aliweka kalamu chini na kutuangalia tu. Tukawa wa mwisho.

Tuliporudi, tulitarajia atalaumu jenereta, au wenyeji, au sisi. Alitukusanya kwenye magunia yetu akasema kosa lilikuwa lake, kwamba alifuata mlio bila kuuchunguza, na kwamba anatuomba radhi. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiomba watoto radhi. Nyumbani kwetu wazazi walipokosea walituongezea sukari kwenye chai au wakatuita kula mapema, na sisi tukaelewa. Huyu alisema kwa kinywa chake, mbele ya watu thelathini, halafu akawasha mashine tukaendelea na wimbo mwingine.

Hakuwa mwepesi wa sifa. Ukiimba mpaka mishipa ikasimama, ungepata "si mbaya," na hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya juu kabisa. Waliowahi kuipata waliitaja kwenye harusi zao. Sauti ya kwanza wakizidisha kelele aliwaambia Mungu si kiziwi. Alichukia umbea, na hakuna aliyejua habari za watu kumshinda, kwa sababu kila mtu akisubiri unga wake hupiga soga, na akina mama hudhani injini inawaficha. Alitufokea kwa kuchelewa mazoezini huku yeye mwenyewe akichelewa ibada kila Jumapili, kwa kuwa ilimchukua muda kuutoa unga masikioni. Na alikuwa na kofia moja ya zambarau, pana, ya kwenda nayo harusini, ambayo aliyekaa nyuma yake hakuwaona maharusi.

Harusi aliziimbia nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka mtu wa kawaida, lakini yeye alizikumbuka zote, na alizikumbuka kwa kilichopungua. Hakukuita kwa jina la mumeo wala la mtoto wako wa kwanza. Angekwambia wewe ni ile harusi ya soda kuisha, na yule pale ni ile ya kasisi kusahau miwani. Yangu ilikuwa ile ya wali mbichi. Ulikuwa mbichi kweli.

Sasa nimfikie mumewe, maana bila yeye hakuna habari. Mumewe alikuwa besi ya kwaya yetu, na niseme ukweli, sijasikia besi nyingine ya namna ile kati ya Rodi na Migori. Akiimba nota ya chini kabisa, uliisikia kupitia gunia ulilokalia. Mwanamume mpole, mcheshi, anayesalimia kila mtu na kumuuliza habari za nyumbani. Na alikuwa na mwanamke Suna, kule Migori mjini, aliyempangishia nyumba, akiaga nyumbani kwamba anafuata biashara ya ng'ombe. Jambo hilo kila mtu alilijua. Tulilijua kwa tumbo lake. Alikuwa akila Suna na mwanamke yule, kisha anarudi nyumbani anakuta chakula kimefunikwa mezani, na kwa adabu yake, au kwa uoga, anakila tena chote. Wanaume wa umri wake walikonda wakati wa kiangazi, yeye akanenepa. Akina mama walimtazama akipita na mkanda wa suruali ulioongezwa matundu, wakatazamana.

Chakula hicho alikifunika Mwimbishaji kila siku, kwa sababu ndivyo wimbo wake ulivyosema. Wimbo huo aliutunga mwenyewe, zamani, akiwa mke mchanga. Aliutunga kwa Kiswahili, si kwa Dholuo, lugha yetu, ili wageni wa harusi kutoka upande wa Kuria na wale wenye maduka mjini waweze kuitikia. Ukawa wimbo wa kumkabidhi bi harusi. Hakuna msichana wa kwetu aliyeolewa bila kuimbiwa huo. Wengine waliupanga kabla ya kupanga keki. Yeye aliongoza peke yake, na sisi tukajibu:

*Akichelewa kurudi, funika chakula,*
*Kaa, mama, kaa.*
*Akirudi amenuna, usimuulize,*
*Kaa, mama, kaa.*
*Ukisikia maneno, ziba masikio,*
*Kaa, mama, kaa.*

Ulikuwa mtamu sana. Sauti ya pili ilikuwa na kipande kidogo cha kushuka kwenye "kaa" ya mwisho, na mimi nilikipenda kile kipande kuliko chochote nilichowahi kuimba. Siku yangu mwenyewe, nikiwa nimevaa shela, walipofika hapo nilijikuta naitikia nao, mama yangu akanifinya kiunoni ninyamaze.

Nikaenda kukaa Sindo, kwa mume fundi wa injini za mashua, nikifundisha shule ya msingi pale pale mjini. Miaka ya kwanza ilikuwa mizuri na sitaisingizia. Kisha simu ikawa mbili, safari zikawa nyingi, na mwanamke mmoja muuza samaki akanisimamisha ufukweni asubuhi moja na kuniita nyieka, yaani mke mwenza. Hakusema kwa ubaya. Alidhani najua, alidhani tumekubaliana, kama zinavyokubaliana nyumba nyingi za kwetu. Nilinunua samaki wake nikarudi nyumbani. Mume wangu nilipomuuliza alisema watu wa ufukweni wana maneno mengi. Basi nikaziba masikio. Nikafunika chakula. Sikuhitaji mtu wa kunikumbusha, kwa kuwa mawaidha yangu nilikuwa nayo kichwani, pamoja na sauti zake nne.

Namna Mwimbishaji alivyotoka kwake sikuiona; nilisimuliwa na mama yangu, aliyekuwa bado kwenye kwaya, na baadaye na wengine wengi, na masimulizi yote yanakubaliana. Walikuwa kwenye mazoezi ya harusi fulani. Mashine inanguruma, kwaya imekalia magunia, mumewe yuko nyuma kwenye besi. Mwimbishaji akaanza ule wimbo kama kawaida. Alipofika ubeti wa pili akabadilisha maneno. Akaimba, *Nimefunika chakula miaka ishirini.* Kwaya ikajibu, *Kaa, mama, kaa.* Akaimba, *Anakula Suna, anarudi kula kwangu.* Kwaya ikajibu, *Kaa, mama, kaa.* Akaimba, kwa sauti ile ile na mdundo ule ule, *Leo nimechoka, ninaondoka kwake.* Na kwaya nzima, watu wanaompenda, wanaojua kila kitu, pamoja na mumewe kwa besi yake nzuri, wakamjibu, *Kaa, mama, kaa.*

Mama anasema Mwimbishaji alinyoosha mkono akazima mashine. Pakawa na kimya ambacho hawakukizoea mahali pale.

"Mmesikia nimeimba nini?" akawauliza.

Hakuna aliyesikia. Walikuwa wakingoja zamu yao tu. Ikabidi awaimbie tena, polepole, bila injini, na mara hii wakasikia, na mumewe akasikia. Mama yangu anasema Mwimbishaji hakulia wala hakupandisha sauti. Alicheka kidogo, akasema kumbe ndivyo ilivyokuwa siku zote, hata yeye mwenyewe alikuwa akiimba bila kusikia. Kisha akawafundisha jibu jipya pale pale, *Inuka, mama, inuka,* akarudia mpaka teno wakaacha kuteleza. Jioni ile alihamishia kitanda chake kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya mashine.

Wazee wa upande wa mumewe walikuja mara mbili kumrudisha. Aliwapikia chai, akawafungia unga wa kwenda nao. Walimkumbusha kwamba mwanamke aliyeolewa huzikwa kwenye boma la mumewe, na akifa huko sokoni maziko yake yatakuwa na shida nyingi. Akawajibu, "Nikikufa mtajua mahali ya kuniweka. Saa hii niko hai, na mimi ndio najiweka." Wakanywa chai yao wakaondoka.

Lililowashangaza watu zaidi ni kwamba mumewe alibaki kwenye besi. Jumapili iliyofuata alikuja amejikunyata, hajui akae wapi, na Mwimbishaji akamwonyesha mahali pake pale pale pa siku zote. Akina mama wakamkalisha Mwimbishaji chini wakamuuliza ana akili gani. Akawaambia yeye ameacha mume, hajaacha besi. Kwa miaka yote iliyofuata walisimama hatua nne mmoja kutoka kwa mwenzake kila wiki, Mwimbishaji akimnyooshea kidole aingie, akimnyooshea kiganja anyamaze, na yule mwanamume alitii kila ishara. Naambiwa alipungua tumbo. Mwimbishaji alimwambia siku moja, mbele ya kwaya, kwamba nota yake ya chini imekuwa si mbaya.

Angeweza kuishia hapo. Mtu mwingine angetoka, akapumzika, na kuuacha wimbo ufe wenyewe. Lakini huyu alikuwa na ile tabia yake ya jenereta. Alisema amewapa mabinti wa watu do isiyo sahihi, nao wamekaa juu yake miaka yote hiyo, na haiwezekani yeye ashuke jukwaani peke yake. Kwa hiyo akaanza kuzunguka. Kila alipopata nafasi alimwachia jirani mashine, akavaa kofia ya zambarau, akaenda nyumba kwa nyumba kwa kila bi harusi aliyewahi kumwimbia. Alikwenda Rongo, alikwenda Mbita, alikwenda mpaka karibu na mpaka wa Tanzania. Alifika, akasalimia, akaeleza kwamba amekuja kuchukua wimbo wake, akaimba ule mpya mara moja na kurudi zake. Hakumwambia mtu aondoke kwa mumewe. Wengi aliowakuta walikuwa na ndoa njema, wakacheka, wakamchinjia kuku, na yeye akafurahi akala.

Lakini maneno yalitoka. Wakamwita mvunja nyumba. Wanaume wakakataza mahindi yao yasipelekwe kwake, ingawa wake zao walipeleka vilevile, wakasema wametoka kwingine. Wazee wa kanisa wakamwondoa kwenye nyimbo za harusi, wakamwachia za misiba. Akakubali. Mwanamke mmoja alimfungia mlango. Mwingine alimkaribisha, akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Mama, mbona hukukuja mapema?" Hiyo Mwimbishaji aliisimulia mara moja tu.

Kwangu Sindo alifika wakati wa likizo ya Agosti, siku ya Jumatatu, saa nne za asubuhi. Nilimwona getini na ile kofia nikadhani mama yangu amefariki. Alinituliza kwanza. Akaingia, akakaa, akanipa unga aliosaga mwenyewe, akauliza habari za watoto. Kisha macho yake yakaenda mezani. Sahani ilikuwa pale tangu usiku uliopita, imefunikwa na nyingine.

"Hiyo chakula ni ya nani?" akauliza.

Nikamwambia ni ya baba watoto, amechelewa. Ilikuwa saa nne za asubuhi. Aliinuka, akaifunua, akatazama samaki na ugali uliokauka pembeni, akaifunika tena taratibu na kukaa.

"Nyathina," akaniambia, na kwa Dholuo hilo ni mwanangu, "nimekuja kuchukua wimbo yangu. Ile nilikupatia siku ya wali mbichi. Nilikosea. Nisamehe."

Nikamwambia hakuna cha kusamehe. Akasema kipo. Kisha akafumba macho, kwa namna ile ninayoijua, akatafuta mlio wake, akaimba:

*Nilifunika chakula, kikapoa,*
*Nikafunika maneno, yakaoza,*
*Mlango nilioingilia, ndio nitakaotokea.*

Baada ya kila mstari alinyamaza aningoje nijibu, maana wimbo ule hauendi bila wa kuujibu. Mimi nilikuwa nimekwisha kusikia jibu jipya kwa mama. Nililijua. Mdomo wangu ukafunguka na kilichotoka ni *Kaa, mama, kaa*, pamoja na kile kipande cha kushuka nilichokipenda. Mara tatu. Ya tatu nililia. Yeye hakunisahihisha. Alinishika bega, akaniambia sauti yangu bado ipo, akanywa chai, akaenda kupanda gari la kurudi.

Watu hudhani niliondoka wiki ile. Nilikaa miezi minane. Nilikuwa naogopa, na niliogopa vitu vya kawaida: kodi, watoto, mama yangu kuulizwa sokoni, kuwa mwalimu wa kike asiye na mume katika chumba cha walimu chenye maneno. Nilichofanya ni kuuimba. Nikiosha vyombo, nikianika nguo, nikiwa peke yangu darasani baada ya kengele. Mwanzo niliweza kuvumisha tu, midomo imefungwa. Sauti ilikwenda mahali pake vizuri, maneno hayakutaka kutoka. Binti yangu alikuwa darasa la tatu. Alinisikiliza siku nyingi, kisha siku moja akiwa anamenya viazi akaniuliza, "Mum, hii wimbo iko na maneno ama ni ya mdomo tu?"

Nikamwambia iko na maneno. Akasema, "Si uimbe basi."

Nikaimba. Nilianza na ubeti wa kiongozi, na nilipofika kwenye jibu nilishika ukingo wa karai kwa mikono miwili, nikasema *Inuka* kwa mara ya kwanza kwa kinywa changu. Haikuwa nzuri, ilikwaruza. Nikarudia mpaka ikanyooka, na yule mtoto akaidaka akaitikia nami, kwa sauti ya kwanza, nyembamba. Kesho yake nilijaza fomu ya uhamisho. Shule iliyokuwa na nafasi ilikuwa Suna, na nilipoona jina hilo nilicheka peke yangu ofisini, kwamba mji aliokuwa akila yule besi ndio ninaokwenda kuanzia maisha. Mume wangu nilimwambia uso kwa uso, mchana, nikiwa nimeshaita pikapu ya kubeba vitu. Hakunipiga, hakunitukana, hakunisihi. Alisimama mlangoni akitazama kitanda kikipakiwa, akaniuliza atakuwa anakula wapi. Nilimwambia, "Pale umekuwa ukikula." Nikapanda mbele na watoto wangu wawili, na tulipotoka nje ya mji tukaanza kuimba, dereva akapunguza redio.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa sijamshukuru. Miaka sita. Nilimwona kwenye misiba, tukasalimiana katikati ya watu, nikamwekea salamu kwa mama, nikamtumia kitenge wakati wa Krismasi. Lakini kumwambia kwa maneno yaliyo wazi kwamba wewe ndiye uliyenitoa, hilo sikufanya. Na yeye hakuuliza.

Mwaka huu mwezi wa nne alikuja Migori kwa kliniki ya kifua. Vumbi la unga la miaka yote limemkalia, na sauti imekwenda. Sasa ananong'ona, na kwaya amemwachia mwingine. Daktari alimwambia arudi alasiri kuchukua majibu, akanipigia simu kuniuliza kama anaweza kungojea kwangu. Nilimfuata pale kliniki. Amekuwa mdogo. Alipanda ngazi zangu akipumzika kila hatua ya tatu, akaingia, akatazama chumba. Akatazama viatu vya shule vya binti yangu, ambaye sasa yuko sekondari, vimepangwa chini ya dirisha. Akauliza choo kiko wapi, akauliza maji hutoka siku gani, akakaa kwenye kiti changu kizuri, na kabla sijaleta chai alikuwa amelala.

Alilala kwa saa mbili. Nilikaa mezani nikasahihisha insha za darasa la sita, nikimtazama kila mara kama anapumua. Nilikuwa nikipanga hotuba. Nilikuwa na mwanzo wake na katikati yake, nikaamua kwamba leo hataondoka kabla sijaisema. Alipofumbua macho nilivuta kiti karibu nikamwambia, mama, kuna jambo nimetaka kukuambia siku nyingi.

Akainua mkono nimsubiri. Alikuwa na lake kwanza, na alilisema kwa mnong'ono ambao ilibidi niinamie kuusikia.

"Unalala?"

Nilidhani anaomba radhi kwa kusinzia nyumbani kwangu, nikaanza kumwambia si neno. Akatikisa kichwa. "Wewe. Tangu utoke kule. Usiku unalala?"

"Nalala, mama," nikamwambia.

"Mpaka asubuhi?"

"Mpaka asubuhi. Mpaka watoto waniamshe."

Alinitazama kwa muda mrefu, akihakikisha, kama alivyokuwa akituchunguza ni nani kati yetu anaimba na ni nani anafungua mdomo tu. Kisha kitu kikalegea usoni mwake, na nikaona kwamba huyu mwanamke, aliyeitwa mvunja nyumba na kunyamaza, alikuwa hajui. Alituzungukia sote, akaturudishia miguu yetu, akaenda zake, na hakuna hata mmoja wetu aliyerudi kumwambia ilikuwaje baadaye. Miaka yote hiyo alikuwa akikaa nyuma ya mashine yake bila kujua kama alituokoa au alituharibu.

"Wengine hawakuniambia," akasema. Akaufuta uso kwa kiganja, akanishika mkono uliokuwa bado na kalamu nyekundu. "Asante, nyathina. Asante sana."

Na hotuba yangu yote, niliyoibeba miaka sita, ikawa haina mahali pa kuanzia.